Jibini Huanza Zizini

Hotuba kwa mkutano wa familia zinazofuga ng'ombe wa maziwa. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mwenyekiti wa mkutano, wazee wetu, mama zetu, vijana, wafugaji wenzangu: hamjambo?

Najua wengi mmekaa hapa mwili tu, akili imebaki zizini. Nani hapa amemwachia mtu mwingine kazi ya kukamua jioni ya leo? Naona mikono. Na nani hana uhakika kama aliyemwachia atakamua mpaka tone la mwisho? Mikono imeongezeka. Basi tuelewane: panapostahili kukaa nitakaa, pasipostahili nitapita.

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya familia inayofuga na kutengeneza jibini yake yenyewe. Kila ninapoitwa kwa mazungumzo ya namna hii, watu huja na matumaini yaleyale. Bei ya maziwa anaipanga mnunuzi. Maziwa hayangoji mtu. Yakikosa mteja leo, kesho yamechacha. Basi mfugaji anajiambia: nikiyageuza yawe jibini, nitapumua. Jibini inakaa. Jibini ina bei yake. Jibini itaniokoa na shida za maziwa.

Ndugu zangu, jibini haimwokoi mtu na shida za maziwa. Inazikusanya shida hizo, inazichuja maji, inazibana, inazitia chumvi, kisha inaziweka kwenye rafu uzitazame miezi sita.

Mnacheka, lakini piga hesabu. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87. Kinachobaki, yaani mafuta, protini, sukari ya maziwa na madini, ndicho tunachokifukuzia. Ili upate kilo moja ya jibini ngumu unahitaji lita 10 hivi za maziwa. Kwa hiyo uzuri wa lita kumi unaingia katika kilo moja. Na uchafu wa lita kumi je? Na harufu ya lita kumi? Na uvivu wa lita kumi? Mnywaji wa maziwa anaweza asihisi kitu. Mlaji wa jibini atahisi.

Ndiyo maana ninasema, na nitalirudia hili mpaka mchoke: jibini huanza zizini.

Nianze na kisa cha familia moja ninayoifahamu, watu wa bidii kweli. Walikuwa na ng'ombe aliyevimba kiwele. Usiku kijana wa nyumba akamwekea dawa ya antibiotiki kwenye chuchu, akafanya kazi yake vizuri kabisa, akaenda kulala. Alfajiri mama mtu akaamka, akakamua kundi zima kama kawaida yake, akamimina maziwa kwenye tangi la jibini, akatia chachu, akangoja. Siku nyingine zote, baada ya saa chache maziwa yalikuwa yanaanza kushika ukali. Siku hiyo saa zikapita, maziwa matamu vilevile kama yametoka kiweleni muda ule. Akaongeza chachu. Wapi! Akailaumu chachu, akakilaumu kipimajoto, akamlaumu aliyeosha tangi. Kijana alipokuja kula ndipo akauliza kwa sauti ya chini: "Mama, yule mwenye doa jeupe umemkamua peke yake?"

Chachu ya jibini ni nini? Ni bakteria. Wanakula sukari ya maziwa, wanatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo mlinzi wa jibini tangu saa ya kwanza. Na antibiotiki kazi yake ni nini? Kuua bakteria. Haina macho ya kujua huyu ni bakteria wa ugonjwa na huyu ni kibarua wetu. Maziwa ya ng'ombe mmoja yaliwamaliza vibarua wa tangi zima. Halafu pale ambapo asidi haikuja, bakteria wabaya hupata nafasi ya kujitanua, na mlaji naye angekula masalio ya dawa. Tangi lote likamwagwa.

Je, familia ile ilikosa dawa? Haikukosa. Ilikosa ujuzi? Haikukosa. Ilikosa maneno mawili kati ya mtu anayelala na mtu anayeamka. Tangu siku ile ng'ombe aliyetibiwa anafungwa utepe mwekundu mguuni, na ukutani kuna ubao ambao hakuna anayegusa kiwele kabla ya kuusoma. Mwenye utepe anakamuliwa mwisho, kwenye ndoo yake, na maziwa yake hayaingii tangini mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe. Nikiingia kwenye shamba la jibini, mimi huutafuta kwanza ubao huo. Jibini nitaionja baadaye.

Na kabla ya dawa kuna ugonjwa wenyewe. Ugonjwa wa kiwele unajaza maziwa chembe za kinga zinazokwenda kupambana na maambukizi, na unaharibu ile protini inayoganda. Mgando unakuwa legelege, mafuta yanakimbia na maji, kilo zinapungua. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka ukomo wa chembe 400,000 kwa kila mililita ya maziwa ya ng'ombe. Lakini huhitaji maabara ili kuanza. Michirizi ya kwanza ya kila chuchu ikamulie kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi, uangalie kama kuna mabonge. Sekunde chache kwa kila ng'ombe. Kila ng'ombe. Kila asubuhi. Kila jioni. Kuna anayefanya hivyo Jumapili usiku, mvua inanyesha, na mgeni anamsubiri sebuleni? Huyo anaweza kutengeneza jibini.

Niwape kisa kingine, hiki ni cha Uswisi. Jibini ya Emmental mnaijua kwa matundu yake. Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba matundu yanatokana na gesi ya kaboni dioksidi inayotolewa na bakteria jibini ikiwa inaiva. Sawa. Lakini miaka ikapita, wakaanza kuona matundu yanapungua na kuwa madogo. Kwa nini? Bakteria walikuwepo, mapishi hayakubadilika. Mwaka 2015 watafiti wa taasisi ya Agroscope wakatoa jibu: vumbi la nyasi kavu. Zamani watu walikamua kwenye ndoo wazi, vipande vidogo sana vya nyasi vikaangukia ndani, na gesi ikapata mahali pa kujikusanyia. Zilipokuja mashine na mabomba yaliyofunikwa, maziwa yakawa safi mno, matundu yakakosa pa kuanzia. Hebu fikirini! Vumbi ambalo jicho halilioni, jibini ililiweka kwenye kumbukumbu zake na ikalionyesha kila ilipokatwa.

Sisemi mrudishe vumbi, msije mkanisingizia. Ninasema jibini inaona tusichokiona. Inaona hata chakula cha ng'ombe. Saileji mbovu, yaani majani yaliyovundikwa bila hewa yakaharibika, ina mbegu za bakteria fulani ambazo joto la kawaida la kupashia maziwa haziliogopi. Zinaingia kwenye maziwa kupitia kinyesi kilichoshika kwenye chuchu, zinatulia ndani ya jibini ngumu, na baada ya wiki au miezi gurudumu zuri la jibini linavimba, linapasuka na kunuka. Watengenezaji wa Parmigiano Reggiano, jibini ngumu ya kule Italia, wamekataza kabisa kumlisha ng'ombe saileji. Mtu anaweza kuona ni ukali uliopitiliza. Mimi naona ni watu waliowahi kupasukiwa.

Kuhusu kupasha maziwa joto nitasema kifupi, kwa sababu hapa sina mjadala. Nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15: hivyo ndivyo vipimo vinavyotumika duniani kuua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, bruselosisi (ugonjwa unaomtupisha ng'ombe mimba na kumwambukiza mtu) na wenzao. Zipo jibini maarufu za maziwa mabichi, na Marekani inataka jibini ya namna hiyo iive siku 60 angalau kabla ya kuuzwa. Lakini siku 60 haziui kila kitu, na nyuma ya zile jibini maarufu kuna mifugo inayopimwa bila kuchoka. Wewe unayeanza, mwenye wajawazito na watoto wadogo miongoni mwa wateja wako, pasha maziwa. Tuendelee.

Sasa tuje kwenye muda. Hapa ndipo familia nyingi huumia, na huumia kimyakimya.

Nirudi kwa hao hao wa Parmigiano, maana siku yao inafundisha. Maziwa ya jioni yanaachwa yalale usiku kucha, mafuta yapande juu. Asubuhi wanayaengua, wanayachanganya na maziwa ya alfajiri. Wanatia chachu. Na chachu hiyo inatoka wapi? Ni maji ya jibini ya jana, yaliyobaki tangini na kuachwa yachachuke. Kwa hiyo jibini ya leo inashikwa mkono na ya jana, na ya kesho inashikwa na ya leo. Mgando unakatwa mpaka chembe ndogo kama punje za mchele, unapashwa hadi nyuzi 55, unatua chini, unanyanyuliwa kwa kitambaa. Zaidi ya lita 500 za maziwa zinatoa gurudumu moja la kilo 40 hivi. Halafu? Halafu unangoja miezi 12 kwa uchache. Wengine 24. Wengine 36.

Swali langu kwenu: miezi hiyo 12 mnakula nini?

Ng'ombe hangoji jibini iive. Ng'ombe anataka majani leo, daktari wa mifugo anataka malipo leo, mtoto anataka ada leo. Fedha yako ipo, unaiona kabisa, umeipanga kwenye rafu, kila wiki unaigeuza na kuifuta ukungu, na huwezi kununulia hata kiberiti. Italia jambo hili ni zito kiasi kwamba benki moja, Credito Emiliano, hukopesha watengenezaji kwa dhamana ya magurudumu yenyewe. Inayatunza kwenye maghala yake hadi yaive. Wengi wetu hatuna benki ya kutuhifadhia jibini. Na hata ghala lina mitihani yake: Mei 2012 matetemeko yalipopiga mkoa wa Emilia-Romagna, rafu ziliangukiana na mamia ya maelfu ya magurudumu yakatupwa chini. Miezi na miezi ya kazi, kwa sekunde chache.

Kwa hiyo ushauri wangu haupendezi masikioni: jibini laini ndiyo imlishe jibini ngumu. Anza na ile inayouzika ndani ya siku chache. Sehemu ndogo tu ya maziwa yako, ile ambayo ukiipoteza nyumba haitalala njaa, ndiyo uiweke kwenye rafu. Kijana anayeanza kwa kujenga chumba kikubwa cha kuivishia ameanzia kwenye paa. Chumba chenyewe kinataka ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13 hivi na unyevu mwingi hewani, usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo. Na kumbuka jibini inayoiva inapoteza maji, maana yake inapungua uzito. Uliyoiweka si utakayoiuza.

Na mikono? Mikono ya nani?

Hapa naomba wanaume wenzangu wanisikilize vizuri. Kazi hii ni ya kale sana. Vipande vya vyungu vyenye matundu vilivyofukuliwa Poland, vyenye umri wa miaka kama 7,000, vilipopimwa vilikutwa na mabaki ya mafuta ya maziwa. Utafiti wake ulitoka mwaka 2012. Watu walikuwa wanachuja mgando. Kwa karne nyingi, mashambani Ulaya na Marekani, waliofanya kazi hiyo walikuwa zaidi wanawake. Mwanamume alihesabu ng'ombe. Mwanamke alijua kwa ncha ya kidole lini mgando umekubali kukatwa.

Sasa sikilizeni kisa cha Jesse Williams, mfugaji wa Rome katika jimbo la New York. Alikuwa na sifa ya jibini nzuri. Inasimuliwa kwamba alipata mkataba wa kuuza jibini yake pamoja na ya mwanawe kwa bei moja, lakini mwana hakuwa na mkono wa baba. Wafanye nini? Mwana akaleta maziwa kwa baba, yakatengenezwa tangi moja. Kisha wakaona, kama mwanangu analeta, jirani naye si alete? Mwaka 1851 wakawa na kiwanda kinachotajwa kuwa cha kwanza cha jibini Marekani. Miaka michache baadaye viwanda vikaenea, na jibini ikaanza kuhama kutoka nyumbani.

Watu hukisimulia kisa hiki kama ushindi. Mimi nikikisikia najiuliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini mwana hakuwa na mkono wa baba? Alifundishwa? Aliachiwa tangi hata siku moja aharibu, ajifunze? Katika mashamba mangapi ujuzi wote uko kwenye mikono miwili tu, na siku mikono hiyo ikiugua homa, maziwa yanamwagwa? La pili: wanawake wa mashamba yale walisema nini siku tangi lilipoondoka nyumbani? Nina hakika wapo waliosikitika. Na wapo walioketi chini kwa mara ya kwanza baada ya miaka, nami siwalaumu hata kidogo.

Maana tuseme ukweli wa siku yenyewe. Unaamka kabla ya jogoo. Unakamua. Kama kuna ndama amezaliwa usiku, unahakikisha amepata dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ndani ya saa za mwanzo, kwa sababu utumbo wake unaipokea ile kinga kwa siku moja tu hivi, kisha mlango unafungwa. Dang'a hiyo haiingii kwenye jibini. Ni ya ndama. Unapeleka maziwa yakiwa bado na joto. Unaosha. Unatia chachu, unatia kimeng'enya cha kugandishia, unangoja, unakata, unakoroga, unamwaga maji, unajaza kalibu, unageuza. Unaosha. Unakwenda chumbani kugeuza za wiki iliyopita. Unaosha. Jioni unakamua tena. Unaosha. Akija mtu kunieleza ndoto yake ya jibini, humwuliza tu: unapenda kuosha? Kama jibu ni hapana, mazungumzo yetu huwa mafupi.

Sasa katika siku hiyo, nani analipwa? Familia nyingi hupiga hesabu ya majani, dawa, umeme na chumvi, kisha husema "faida ni hii". Na saa za mama? Na saa za binti aliyerudi nyumbani "kusaidia"? Kazi ambayo haikuandikwa popote haikufanywa bure. Kuna mtu ameilipia kwa mgongo wake. Andikeni saa za kila mtu, hata kama hamna fedha ya kumlipa mwezi huu. Binti huyo akiona jina lake kwenye daftari ana sababu ya kubaki. Asipoliona, siku moja atafunga begi, nanyi mtashangaa.

Na si lazima kila nyumba iwe na tangi. Kwenye milima ya Jura, Ufaransa, gurudumu moja la jibini ya Comté linakula takriban lita 400 za maziwa. Familia yenye ng'ombe wachache ingezipata wapi kwa siku moja? Tangu karne za kati majirani wa huko wamekuwa wakichanga maziwa yao kwa mtengenezaji mmoja, na mpaka leo vyama vyao vipo. Lakini kuchanga kuna sharti lake: mchafu mmoja anawaharibia wote. Mtakubali jirani akague kiwele cha ng'ombe wenu? Mtakubali kuambiwa "maziwa yako leo yarudi nyumbani"? Jibuni hilo kabla ya kuchangisha fedha za tangi.

Nipite haraka kwenye mambo mawili ambayo watu hawapendi kuyauliza.

Moja ni yale maji. Lita 10 za maziwa zikitoa kilo moja ya jibini, lita 9 hivi ni maji ya kijanikijani, bado yana sukari na protini. Usiyamwage mtoni. Yakifika huko, vijidudu vinavyoyala vinamaliza oksijeni na samaki wanakufa. Ukiyapasha moto karibu na kuchemka, ile protini iliyobaki inaelea na unapata jibini nyingine laini. Waitaliano wanaiita ricotta. Nguruwe wanayapenda, nguruwe wa nyama maarufu ya Parma wamelelewa kwa maji ya Parmigiano miaka mingi. Yapange maji kabla ya jibini, kwa maana yatakuwa mengi kuliko jibini.

La pili ni ndama dume. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa, na karibu nusu ya wanaozaliwa ni madume. Hata kimeng'enya cha asili cha kugandishia kilitoka kwenye tumbo la nne la ndama anayenyonya. Mwaka 1874 mkemia Christian Hansen wa Denmark akaanzisha kiwanda cha kukitengeneza kwa kipimo kinachoaminika, na tangu 1990 kipo kinachozalishwa na vijidudu kiwandani, kilichoidhinishwa Marekani. Sawa, kimeng'enya kimepata njia nyingine. Ndama dume amepata? Atalelewa na nani, mpaka lini, kwa majani gani? Ukinionyesha mpango wa shamba la jibini wenye kurasa ishirini na neno "dume" halimo, nitakurudishia.

Kijana mmoja amenishika mlangoni akaniuliza: "Mzee, mimi nina ng'ombe watatu, nianzie wapi?" Nilimwambia angoje, nitamjibu mbele ya watu.

Mwanangu, usinunue tangi. Chukua daftari. Mwezi mzima andika maziwa ya kila ng'ombe, asubuhi na jioni, na kila siku kikombe chako cheusi kimeonyesha nini. Kisha chukua lita 10 za ng'ombe mzima wa afya, zipashe, tengeneza jibini laini kwa sufuria ya nyumbani iliyooshwa vizuri. Ipime. Wape wanaokupenda kidogo, si wanaokupenda sana. Wiki inayofuata fanya tena, na tena, mpaka matokeo yafanane. Yasipofanana, acha kutazama sufuria. Rudi zizini utazame kilichobadilika: majani, maji, aliyekamua. Utakipata huko.

Mwenyekiti, maswali nayapokea, ila yawe mafupi. Nami kuna mtu nimemwachia kukamua jioni hii, na kabla sijaondoka sikumwuliza kama amesoma ubao.